Bandari Kwenye Ukuta wa Annick

Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Asubuhi ilikuwa na ukungu na mvua nyepesi ya kulowesha viatu tu.

Nilikuwa nimetoka misa peke yangu, napita haraka mbele ya mgahawa wa Annick pale mtaani Biryogo, aliponishika mkono.

"Dada Illuminée, mwezi mzima unanipita kama nguzo ya umeme. Nimekukosea nini?"

Mwezi huo nilikula peke yangu, nikasali rozari peke yangu, nikimwomba Mungu amtoe Libère moyoni mwangu. Libère ni mchoraji, amekulia Bujumbura. Tulikubaliana tuandikiane kwa Kiswahili ili nifanye mazoezi ya darasa la jioni. Ndipo akatuma ujumbe huu:

"Mungu amejibu. Mahari kwa Annick imepatikana."

Wiki hiyohiyo mwalimu alitufundisha kwamba mahari ni inkwano kwa lugha yetu, mali ya kuolea. Nilisoma mara tatu, nikaizuia namba yake. Alipokuja kugonga, sikufungua.

"Hongera ya ndoa," nilimwambia Annick hatimaye, nikampa simu.

Alisoma, akaegemea mlango kwa kicheko.

"Mahali, dada. Mahali pa kutundika picha. Kwa huyu mtu wako, R na L ni mapacha. Mimi nina mume kijijini ambaye hujamwona, na huyo mmoja ananitosha."

Akanivuta ndani. Ukutani palikuwa na mchoro wa rangi za maji. Kwa karibu niliona madoa tu, rangi ya chungwa ikivujia kwenye zambarau. Niliporudi nyuma, madoa yakawa bandari ya Bujumbura jua likizama, meli zikiyeyuka majini, na gatini hakuna hata mtu mmoja.

"Kesho anahamia Kampala," Annick alisema taratibu. "Anasema hapa hana mtu."

Niliifungua namba yake, nikampigia palepale.

"Libère, nimesimama mbele ya bandari yako."

Nilisikia akiweka sanduku chini.

"Nilikungoja mwezi mzima uje uione."

Alifika viatu vimelowa, akakataa kiti. Nilimweleza kosa langu lote. Hakucheka. Alisema tiketi ameshakata, na kwamba kilichomuumiza zaidi ni mlango kuliko namba.

"Nikibaki, utaninyamazia tena?"

Wateja waliweka vikombe chini. Nilisimama mbele yao wote.

"Libère, hawa wananisikia, na Mungu ananisikia. Neno lako likiniumiza, nitakuuliza kwanza. Sitakufungia mlango tena."

Libère akavuta kile kiti alichokikataa, akaketi.