Redio Ibaki Palepale

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kachero na bibi yake waliosha gari. Msichana huyo wa darasa la sita alibandikwa jina la Kachero kwa sababu nyumbani hakuna kilichompita: nani amemega mkate, nani ameacha bomba wazi, nani amevaa soksi za nani. Yeye alishika ndoo na sponji. Bibi alifuta kwa kitambaa kikavu zile taa mbili za duara, zilizokuwa na umri mkubwa kuliko mama yake Kachero.

Walipomaliza, Bibi aliketi kwenye usukani na kuwasha redio. Ilikuwa ileile iliyokuja na gari, yenye vishikizo viwili vya kuzungusha na mshale mwekundu unaotembea juu ya namba. Siku hiyo msomaji wa habari alikoroma kama mtu mwenye mafua, akanyamaza, kisha akakoroma tena.

"Bibi, nunua redio mpya," Kachero alisema. "Zipo zenye taa za rangi."

"Redio haina kosa. Spika ndizo zimechoka. Mtu akiumwa miguu, utamkata kichwa?"

Wakacheka. Jumatatu, kabla ya shule, walilipeleka gari kwa Fundi Kimya. Watu walimwita hivyo kwa sababu alitoa neno kwa shida kama anayetoa jino. Alisimama mlangoni mwa gereji yake, bisibisi nyuma ya sikio, akamsikiliza Bibi.

"Badilisha spika tu, fundi. Redio ibaki palepale."

"Haya, mama."

Fundi aliingiza kichwa ndani ya gari, akaimulika redio kwa tochi. Aliitazama kwa muda mrefu mno, Kachero akaona.

"Redio hizi hazipatikani tena," fundi alinong'ona.

Kachero alihisi kitu kimemchoma. Kwa nini anong'one? Na kwa nini aitazame redio, ikiwa kazi yake ni spika?

Siku ya pili, akitoka shule, alipitia gereji. Alichungulia dirisha la gari. Pale palipokuwa na redio palikuwa na tundu jeusi, nyaya zikining'inia kama mizizi. Wakati huohuo Fundi Kimya alitoka kwa mlango wa nyuma, kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Hakumwona Kachero.

Kachero alimfuata kwa mbali. Fundi alikata kona mbili, akaingia kwenye duka lililojaa redio kuukuu dirishani. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu.

"Ameiuza!" Kachero alijisemea. "Ameuza redio ya Bibi mchana kweupe!"

Angeweza kukimbia nyumbani kumwambia Bibi. Lakini siri ilimwasha mdomoni, na njiani palikuwa na cherehani ya Mama Vifungo, mshonaji aliyepakana na gereji. Kachero alimweleza yote, na mengine kidogo akayaongeza.

Mama Vifungo alisimamisha cherehani. "Nilijua! Mtu asiyesema ana la kuficha."

Kachero akaenda nyumbani kifua mbele. Alitaka kungoja siku ya kuchukua gari, amshike mwizi mbele ya Bibi.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Gari lilikuwa tayari, na redio ilikuwa mahali pake. Lakini namba zake zilikuwa nyeupe, vishikizo vinang'aa. Fundi akaiwasha. Sauti ikatoka safi, kana kwamba msomaji wa habari ameketi kiti cha nyuma.

"Siyo yenyewe!" Kachero alipiga kelele. "Bibi, hii siyo redio yako! Nilimwona akiipeleka kuiuza!"

Fundi Kimya aliweka koleo mezani taratibu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Leo asubuhi seremala amekuja kuchukua pikapu yake, kazi haijaisha. Kasema hawezi kumwachia mwizi mali yake. Nimekaa hapa nikijiuliza neno hilo limetoka wapi."

Bibi alifungua mkoba, akatoa daftari dogo. Kabla ya kustaafu alikuwa mtunza stoo wa hospitali, aliyezoea kuandika namba ya kila kifaa.

"Fundi, samahani. Naomba uichomoe tena."

Fundi alifungua skrubu mbili, akaivuta redio nje. Ubavuni ilikuwa na kibati chenye namba. Bibi alisoma ya daftarini, Kachero akasoma ya kibatini. Tarakimu zote zililingana. Kachero alirudia kusoma, sauti ikizidi kufifia.

"Sasa mweleze mtoto," Bibi alisema.

"Spika za siku hizi nyingi hazilingani na redio hii," fundi alieleza. "Ningezifunga hivihivi, ingezidiwa na kuungua. Nilimpelekea mwenzangu wa duka la redio, mwenye vipimo, atuambie spika gani zinaifaa. Akaisafisha pia." Akamwonyesha Kachero zile spika kuukuu: karatasi zake nyeusi zilikuwa zimechanika kama majani yaliyoliwa na wadudu. "Hizi ndizo zilizokuwa zikikoroma. Ungeniuliza, ningekujibu."

Machozi yalimlengalenga Kachero. "Nisamehe, fundi. Nilidhani..."

"Msamaha wa hapa umesikika," Bibi alimkatiza. "Bado wa kule ulikopeleka maneno. Nenda. Nakungoja hapa."

Kachero alipomweleza ukweli, Mama Vifungo aliinamisha macho kwenye kitambaa. "Mbona nilimwambia mtu mmoja tu," alisema. Mtu huyo mmoja alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa mtaa wa pili. Kachero alimkuta akipiga randa. Alimwamkia, akasema yote bila kujitetea. Seremala aliacha randa, akapangusa mikono.

"Nimemtukana mtu mzima mwenzangu kwa maneno ya mtoto," alisema. Alitoa funguo za pikapu mfukoni. "Panda. Na mimi nina samahani ya kupeleka."

Walipofika, seremala na fundi walishikana mikono. Fundi alinyanyua boneti ya pikapu bila kusema neno, na safari hii Kachero hakuona ubaya wowote katika kimya chake.

Njiani kurudi nyumbani Bibi alipunguza sauti ya redio.

"Bibi," Kachero aliuliza, "uliandika namba ile lini?"

"Jumapili, kabla hatujamwona fundi. Niliinakili kwenye karatasi za gari."

"Kumbe na wewe ulimshuku!"

"Simjui, kwa nini nisichukue tahadhari? Kushuku si dhambi, mjukuu wangu, na macho yako makali ni mali. Lakini mimi shaka yangu niliiweka daftarini, ikangoja ukweli. Wewe yako uliiweka mdomoni mwa mtu. Ukiona jambo, uliza. Ukiuliza, hakikisha. Usipohakikisha, funga mdomo, maana jina la mtu likichafuka halioshwi kwa ndoo na sponji."