Kichupa cha Damu Kutoka Kyebando

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, katika maabara ya mifugo huko Bugolobi, Acan aligundua kwamba damu ya ng'ombe wa Hortense ilikuwa ya dume.

Akarudia kipimo. Jibu likawa lile lile: damu hiyo ilikuwa na kipande cha vinasaba kinachopatikana kwa madume peke yao. Na Hortense, mjane Mkongo wa Kyebando, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike, tena anakamuliwa kila siku.

Jumatatu, PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya vijidudu, ilikuwa imeonyesha kwamba damu ya kichupa hicho ina bruselosi, ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba na kumwingia binadamu kupitia maziwa. Wateja wakakimbia. Ng'ombe akaamriwa achinjwe, na mchinjaji angefika Ijumaa asubuhi. Lakini Hortense aliapa mnyama wake hana ugonjwa, akaleta maziwa mara mbili, na mara zote mbili yakaonekana safi. Ndipo Acan akaitoa ile damu kwenye friji aichunguze upya.

Kwanza alimshuku Owino, daktari wa mifugo aliyeichota. Akamwita.

"Hukuchanganya vichupa kweli?"

"Dada Acan, siku hiyo nilimpima mnyama mmoja tu." Owino akamwonyesha daftari lake: Jumatatu, saa mbili asubuhi, Kyebando, jike mmoja. "Nikampa Opoka wa bodaboda kichupa pale pale, akilete huku."

Kitabu cha mapokezi kilisema Opoka alifika saa tano. Masaa matatu, kwa safari ya nusu saa!

Alipoitwa, Opoka alikuja na jibu mdomoni. "Foleni, madamu. Kawempe palikuwa hapapitiki."

"Kutoka Kyebando kuja Bugolobi, Kawempe ni upande mwingine kabisa; ulifuata nini huko?"

Opoka akageukia mlango.

"Si ndiko unakofuga fahali wako?" Owino akauliza taratibu. "Yule unayewapandishia watu ng'ombe?"

"Kichupa kiliondoka na damu ya jike, kikafika na ya dume," Acan akasema. "Nikamchote fahali wako nilinganishe, au utasema mwenyewe?"

Opoka akakaa chini. "Majike aliowapanda walikuwa wanatupa mimba. Nilitaka kujua kama ni yeye. Ningempima kwa jina langu, wangemchinja. Zamani nilikuwa msaidizi wa daktari, sindano naijua. Nikamwaga ile damu, nikatia yake."

"Na ulipojua, ukanyamaza! Ukaacha mama wa watu achinjiwe ng'ombe wake!"

"Niliogopa, madamu."

Polisi wakaitwa, wakamchukua baada ya yeye kuwataja majike wote waliopandwa na fahali huyo, ili wakapimwe. Fahali akatengwa. Owino akaenda Kyebando kuchota damu mpya, akaileta kwa mkono wake mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni jibu likatoka: hakuna bruselosi. Acan akavua glavu, akapiga simu.

"Mama Hortense, ng'ombe wako ni mzima."

Simuni kikasikika kilio na kicheko kwa pamoja. "Amepona! Mungu wangu, amepona!"

"Hakuugua, mama."

"Basi ni mimi nimepona."