Vijidudu wa Kwaluguru

Komeo likalia nje.

Emiliana Mdoe, afisa wa usalama wa taifa, akabaki amefungiwa ndani. Bastola yake, Beretta, wezi wameichukua. Simu wameiponda. Agizo la mkuu wake, Dunstan, lilikuwa bado masikioni.

"Warudishe wakiwa hai. Hakuna wengine."

Hao walikuwa mbele yake, ndani ya tangi la stenlesi: vijidudu waliotolewa kwenye udongo wa Kwaluguru, kule Handeni, kisha wakaibwa maabarani. Walitoa antibiotiki ya vidonda vilivyoshinda dawa nyingine zote. Alhamisi mnunuzi mgeni angewavusha mpaka.

Leo Jumanne.

Ghala la zamani la mkonge, Makuyuni. Dirisha hakuna. Kuta nene kama za gereza.

Kuwaua, hapana. Kuwaacha waende, hapana pia.

Akaona karatasi ukutani. Lukasi, mtaalamu wa wezi hao, aliwaandikia vibarua wake kila kitu: "Kichocheo cha ukuaji, matone matano kila mkibadilisha uji. Yakizidi watakua tu, dawa hawatoi."

Uji, chakula cha vijidudu humo tangini, ulikuwa mpya, wa asubuhi hiyo. Chupa ya kichocheo ilikuwa rafuni.

Emiliana akapiga ishara ya msalaba, akamimina yote. Chupa akaijaza maji, akairudisha.

Jumatano Lukasi akaleta ugali na maharage.

"Kula, mama. Kesho tunakusindikiza mtoni."

"Maharage yako hayana chumvi, baba."

Lukasi akacheka, akachota kikombe kimoja tangini cha kumpa mnunuzi akipime, akatoka. Komeo tena. Emiliana akasali mpaka magoti yakafa ganzi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, sauti zikapenya ukutani.

"Maji yako nimeyatia tangu jana kwenye sahani ya vijidudu wa kidonda," mgeni alisema. "Tazama. Hajafa hata mmoja."

"Haiwezekani, mzee."

"Umeniuzia uji, Lukasi."

Land Cruiser ikanguruma. Mgeni akaondoka na walinzi wake wote.

Lukasi akaingia mbio, Beretta mkononi, macho yote kwenye tangi. Nyuma ya mlango, Emiliana akamshushia kisogoni mfuniko wa chuma wa tangi.

Lukasi akaanguka kifudifudi. Bastola ikabadili mkono.

"Umeweka nini humu?" Lukasi akagugumiza.

"Ulichokikataza mwenyewe."

Emiliana akamlazimisha ataje gari la mgeni na njia aliyoshika, akamtoa simu mfukoni, Nokia ya kitochi, akampigia Dunstan.

"Mkuu, niko Makuyuni, ghala la mkonge. Land Cruiser nyeupe ya mnunuzi inaelekea Mombo. Ifungieni njia."

Baada ya nusu saa simu ikaita.

"Tumemkamata. Vijidudu je?"

"Wazima. Wamenenepa tu. Wabadilishiwe uji, watarudi kazini."

Kikosi cha Dunstan kilipofika na kulizunguka tangi, Emiliana alikuwa keshashika njia ya barabara kuu, polepole, anajikung'uta vumbi la mkonge begani.