Nukta Sita za Ng'ambo

Kwaruu.

Sauti moja tu, kavu, kama wembe ukikwangua karatasi. Mzee Wino aliisikia kitandani, akajifunika shuka. Mgane hulala na sauti nyingi.

Asubuhi akaenda ofisini kama kawaida. Alikuwa mchora ramani, na wiki hiyo alikagua ramani za zamani za wilaya ya mtoni kabla hazijapigwa picha na kuchomwa. Vijiji vilitawanyika humo kama punje zilizomwagika. Kila nyumba, nukta moja.

"Mzee Wino, wewe na hizo karatasi mmefunga ndoa?" mpiga picha alimtania huku akifuta kamera yake.

"Afadhali karatasi, mama. Hazinuni."

Wakacheka. Akafungua ramani ya kumi na mbili, kicheko kikamkauka kinywani. Ng'ambo ya mto palikuwa na nukta sita.

Jana hazikuwapo. Hazikuwapo kwa miaka thelathini. Alizikwangua mwenyewe. Kanuni ya kazi ilisema usifute nyumba kabla hujaifikia, ukabisha hodi mara tatu. Yeye aliogopa mto uliofurika. Tena huko ndiko alikoolewa dada yake mdogo, na walikuwa hawasemezani. Akasikia fununu kwamba watu wamehama, akafuta akiwa amekaa kitini. Gharika ilipokuja, mashua za uokoaji zilifuata ramani. Hakuna iliyovuka.

Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la dada yake. Hata marehemu mkewe alijua ameolewa na mtoto wa pekee.

"Unaona nini hapa?" alinong'ona.

"Ng'ambo? Patupu." Mpiga picha akamsogezea fomu. "Si jana uliandika mwenyewe, 'hakuna makazi'? Tia sahihi, nipige."

Sahihi moja, na ng'ambo ingebaki patupu milele.

Akashika kalamu. Fomu ilikuwa imelowa. Juu ya neno "hakuna" palikuwa na alama ya kidole. Kidole chembamba. Tope bichi.

"Nani kaishika hii?"

"Mimi sijaigusa, mzee wangu."

Chumba kikanuka mto. Nukta ya sita ikaanza kuvuja maji. Pumzi ya baridi ikamgusa shingoni. Kisha sauti, ya chini, isiyo na hasira, ikamuuliza swali ambalo wachora ramani huuliza kila mlangoni:

"Kaka. Nyumba hii ya nani?"

Akaweka kalamu chini. Midomo ikakataa. Ikakataa tena.

Akalitamka jina la dada yake.