Pawa Saplai ya Marehemu

Mansuri hakupenda kupanda milima. Mama yake mzazi alizaliwa huko juu, lakini yeye alizaliwa mjini, akakulia mjini, na ukimwambia twende Uluguru tukapunge hewa atakuuliza kwanza kama kuna umeme. Sasa siku hiyo akapanda. Na alipanda kwa sababu ya kidude kimoja tu cha kompyuta, pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine. Jamani, binadamu anaweza kuponzwa na kitu kidogo namna ile.

Ilikuwa miaka ambayo intaneti ilianza kutoka kwenye vibanda vya kulipia nusu saa na kuingia majumbani kwa wenye nazo. Mansuri alikuwa fundi kompyuta, ana kibanda chake karibu na soko, na alikuwa amepata kazi kwa Mama Felista, nesi mstaafu mwenye nyumba ya kupangisha. Mama yule alitaka intaneti isiyo na waya: yeye akae sebuleni apate, mpangaji ajifungie chumbani apate. Ruta, kile kisanduku cha kurusha mawimbi, Mansuri aliifunga. Ilimsumbua, maana mawimbi yakifika ukuta wa jikoni yanakata kabisa, mpaka akaihamishia koridoni ndipo yakapita. Akashukuru Mungu. Hapo hapo kompyuta kuukuu ya mezani ya yule mama, ambayo ndiyo yenye kushika modemu iletayo intaneti, ikalia puu na kutoa moshi.

Pawa saplai imeungua. Tena ilikuwa ya umbo lake yenyewe, nyembamba na ndefu, plagi zake hazifanani na za mashine nyingine yoyote. Mansuri alizunguka mji mzima. Akaagiza Kariakoo, wakamjibu hiyo haipo, mwambie mama anunue kompyuta mpya. Mama Felista akasema hanunui kitu, hiyo hiyo itengenezwe.

Ndipo Stefano, muuza kabichi pale sokoni, akamwambia, "Kwetu, juu ya Mlali, kuna mzee alikuwa na mashine ya hivyo hivyo. Mzee Benedikto. Amefariki, hata matanga hatujaanua. Dada yake yupo. Nenda tu, atakupa."

Hata matanga hatujaanua. Mtu aliyelelewa milimani angeisikia sentensi hiyo na kukaa kitako. Kule, vitu vya marehemu havishikwi mpaka ukoo ukutane na kumteua wa kurithi jina lake na kukalia kigoda chake. Mansuri alisikia "atakupa" peke yake.

Akaaga nyumbani. Nyumbani maana yake dada yake Mwajuma, aliyeachika, pamoja na binti yake Asia ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Mansuri hakuwa na mke. Mtoto yule ndiye roho yake. Kila jioni Asia alilala kifuani kwa mjomba wake, na siku mjomba akichelewa, mtaa mzima hauna raha.

"Uwahi," Mwajuma akamwambia. "Unajua halali bila wewe."

"Magharibi niko hapa."

Gari lilimshusha Mlali alasiri, akaanza kupanda kwa miguu, begi la laptopu na bisibisi mgongoni. Mashamba ya kabichi na karoti yalipita, migomba ikapita. Ukungu ukashuka. Aliokutana nao njiani walikuwa wanateremka, nao kila akiwauliza kwa marehemu Benedikto wanaonyesha kwa kidevu tu na kwenda zao. Hakuna aliyesimama.

Akasikia harufu.

Waya zilizoungua... Mansuri aliijua harufu hiyo, ndiyo aliyokuwa anaivuta kila siku kibandani. Lakini huku hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme. Akajisemea labda watoto wamechoma mpira, akaifuata njia.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati limeshika kutu. Uani alikaa mwanamke mzee, kaniki kichwani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Alikuwa peke yake. Msiba ambao hata matanga hayajaanuliwa, na hakuna hata jirani mmoja!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

Mansuri akacheka kidogo, akidhani amefananishwa. Akajieleza: fundi kutoka mjini, ametumwa na Stefano, anahitaji kifaa. Mzee yule, aliyejitambulisha kwa jina la Yuliana, alimwacha amalize yote.

"Mama yako wa ukoo gani?" akauliza.

Mansuri akautaja. Kitu pekee alichokuwa nacho kutoka kwa marehemu mama yake kuhusu milima ni hicho, jina la ukoo. Zaidi ya hapo mama alikuwa akiulizwa habari za kwao anasema kwetu hakuna mtu, anabadilisha mazungumzo. Yuliana akatikisa kichwa taratibu, akainuka.

"Pita ndani."

Chumba kilikuwa na giza na baridi. Kompyuta ilikaa chini, juu ya kipande cha mkeka, ndugu kabisa wa ile ya Mama Felista. Nyaya za sola zilining'inia ukutani zimekatwa. Yuliana akasema paneli na betri viliibwa siku ya mazishi. Kando ya kompyuta palikuwa na ruta ndogo nyeusi.

Ina taa ya kijani. Inawaka.

Ruta haina betri ndani yake. Hilo Mansuri alilijua. Macho yakaona, akili ikamwambia wewe nyamaza, fungua skrubu, ondoka. Yuliana akamsogezea kigoda cha mti mweusi, kimelainika kwa kukaliwa miaka na miaka. Mashine iko chini, na bila kigoda angepiga magoti. Akakaa.

Alifungua haraka. Pawa saplai ikatoka nzima, plagi zile zile. Alipotaka kuitia begini, Yuliana akaishika, akaichukua. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, polepole, na Mansuri kwa adabu naye akapokea kwa mikono miwili. Hapo mzee akachota unga kwenye kibakuli na kumnyunyizia miguuni, ananong'ona maneno ya Kiluguru ambayo Mansuri hakuyaelewa.

"Asante, bibi. Nikulipe nini?"

"Mimi si bibi yako. Mimi mama yako mkubwa."

Mansuri akamkodolea macho.

"Mama yako, Catherine, alikuwa mdogo wetu," Yuliana akasema. "Alitukimbia akaenda kuolewa mjini, akabadili dini, akabadili na jina. Kaka yangu Benedikto alikufa hana mpwa wa kumwachia kigoda. Ile mashine ya yule mama unayemfanyia kazi, tuliiuza sisi. Zilikuwa mbili. Moja tuliipeleka mjini ikakutafute."

Nyuma ya Mansuri kitu kikaanza kuvuma.

Vvvv...

Akageuka. Ile kompyuta iliyofunguliwa tumbo, isiyo na pawa saplai, isiyo na waya hata mmoja wa umeme... feni yake inazunguka.

Hakuaga. Alitoka mbio, pawa saplai mkononi, akaiacha nyumba, akaliacha shamba, akaishika njia ya kuteremka. Ukungu ulikuwa umefunga. Jua linaelekea kuzama, mwanga umebaki wa kupapasa. Akateremka, akateremka. Akasikia harufu ya moshi wa kuni, akajua amefika kwa watu.

Bati lenye kutu. Mkeka. Yuliana amekaa, miguu ameinyoosha.

Mansuri akageuka, akashika njia nyingine, iliyopita kwenye kijito. Aliteremka na maji, maana maji hayapandi mlima hata ulogwe vipi. Alifika mahali kijito kinaingia kwenye migomba. Akaipenya migomba.

Bati lenye kutu.

Safari ile alilia kweli kweli, mwanaume mzima, kamasi zinamtoka. Akaitupa pawa saplai kwenye majani na kukimbia tena, mikono mitupu. Begi likaanza kulia mgongoni. Ting... ting... Laptopu. Alikuwa ameizima tangu mjini. Akachuchumaa nyuma ya jiwe kubwa, akaifungua, na mwanga wake ukampiga usoni. Ilikuwa inamwambia imepata mtandao. Mmoja tu, hauna neno la siri.

Jina la mtandao: CATHERINE.

Vile vimistari vya netiweki vilikuwa vimejaa vyote. Mansuri alijua mawimbi yanavyochoka. Juzi tu yalishindwa na ukuta mmoja wa jikoni. Hapa alikuwa ametembea mpaka viatu vimechanika, kuna mabonde na miamba kati yake na ile ruta. Akainuka na laptopu mikononi, akapiga hatua, akatazama. Vimejaa. Akakimbia kuvuka kilima, akatazama. Vimejaa. Ndipo akili ya ufundi ikamwambia jambo ambalo moyo ulikuwa unalikataa. Hajaenda popote. Bado yumo ndani ya kile chumba.

Akanyanyua macho. Ukuta. Nyaya za sola zilizokatwa. Chini yake kuna kigoda, naye amekikalia. Pawa saplai aliyoitupa imo mapajani mwake, miguu yake ina unga.

"Usijichoshe," Yuliana akanong'ona kutoka mlangoni. "Umeshapokea."

"Mama mkubwa, nakuomba. Mimi nina watu nyumbani."

"Kila mtu ana watu."

"Kuna mtoto anayenisubiri. Halali bila mimi."

Feni ikavuma. Harufu ya waya ilijaa chumbani mpaka Mansuri akawa anaipumua kwa mdomo.

"Wako?"

"Wa dada yangu."

Yuliana alisogea, akachutama mbele yake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na upole ndani yake, upole wa mama mkubwa hasa.

"Kigoda hakikai kitupu, mwanangu. Aliyekikalia hainuki mpaka amtaje wa kukaa badala yake, na awe wa damu ya mama. Huyo mtoto wa dada yako... unamtaja?"

Hapa ndipo Mansuri alipojiona mjanja. Tusimcheke. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, naye Mansuri akalelewa kwa desturi za kina baba, na kwao mwenye kukalia kiti cha marehemu mzee ni mwanaume. Asia ni mtoto wa kike. Akaona mzee amejifunga mwenyewe. Atamtaja, ataachiwa, na wakija kumdai watamkuta binti mdogo wa kunyonya, watarudi mikono mitupu. Angemuuliza tu mtu yeyote wa milima ile, hata Stefano wa kabichi, ukoo wao unapita kwa nani, angeambiwa kwa wanawake.

Akafumba macho.

"Namtaja. Asia."

Feni ikasimama.

Aliinuka. Miguu ilikuwa miepesi. Yuliana alimsindikiza mpaka uani, akampa pawa saplai na kumwambia apeleke kazini kwake. "Mtoto wa kike," akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Tangu Catherine atukimbie hatujapata mtoto wa kike. Utakuwa umetufaa sana."

Mansuri alisikia, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Njia ikawa njia. Kijito kikashuka kama vijito vyote. Akafika Mlali adhana ya isha inasomwa, akapata lifti ya lori la mbogamboga, akakaa juu ya magunia, anajibembeleza. Mtoto wa kike. Anajua nini bibi yule, amezeeka, amechanganyikiwa. Alilirudia hilo mpaka taa za mji zikaonekana, na kila alivyolirudia ndivyo lilivyozidi kumsuta. Alipofungua laptopu, mtandao ulikuwa umepotea. Furaha ilimpata, ikamtoka hapo hapo. Umepotea, au umehama?

Alipofika kwao hakusikia kilio. Mtaa mzima kimya.

Mwajuma alimfungulia mlango, macho mekundu, anacheka na kulia kwa pamoja. "Kaka, umekosa mambo. Asia ameanza kuongea. Tangu magharibi, anaongea, maneno mazima. Sijui kama nifurahi... Hataki nyonyo. Ananiita kwa jina langu."

"Yuko wapi?"

"Ndani. Amekataa kulala, anasema anakusubiri."

Asia alikuwa amekaa katikati ya chumba, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Mtoto ambaye asubuhi alikuwa hatulii mahali pamoja hata dakika. Alimtazama Mansuri kutoka miguuni hadi usoni, bila haraka.

"Mpwa wangu," akasema. Sauti ni ile ile yake, nyembamba, ya maziwa. "Umefika salama?"

Mwajuma akacheka kicheko cha woga. "Unasikia? Anakuita mpwa. Amechanganya, ameyasikia wapi haya..."

Mansuri alibaki mlangoni. Alitaka kumwambia dada yake achukue mtoto wakimbie, waende Ngerengere, waende Dar, popote. Akakumbuka jinsi njia zilivyokuwa zikimrudisha.

"Mbona hunisalimii?" Asia akauliza.

Nyuma yake Mwajuma alikuwa ameacha kucheka.

"Shikamoo, mjomba," Mansuri akasema.

"Marahaba."

Kisha akanyoosha vimikono vyake viwili abebwe, kama kila jioni. Mansuri akambeba. Uzito ulikuwa wake, nywele zinanukia mafuta yale yale ya nazi. Asia akalaza kichwa kifuani pa mjomba wake, pale pale anapolalia siku zote, na akamnong'oneza kwamba wataondoka alfajiri kurudi mlimani, yeye Mansuri ambebe njia nzima, na mama asiambiwe.