Visiki vya Gibson

Gibson alimkanyagia Nyakerario mche wa mwanzi katikati ya soko la Daraja Mbili, mjini Kisii.

“Pole, mrembo. Huu ni muwa?”

“Ni mwanzi. Na wewe ni mtu ama ng’ombe?”

Gibson akacheka. Suti ya buluu ilimbana mapaja, akawa anatembea kama mtu anayezuia haja. Lakini meno yale, Nyasae, Mungu wangu! Nyakerario akampa namba.

Wakapendana kwa simu.

“Asali wangu, umekula?”

“Nimekula. Wewe umekula nini, maneno?”

Sasa, kwao Nyakerario, huko Nyamira, kijiji kilikuwa kimeweka kinamasi chao amana: hakiuzwi, hakilimwi, ili chemchemi isife. Mwenyekiti wa amana hiyo ni Nyakerario. Siku ya kupanda mianzi akakuta mikaratusi ndani ya mpaka, pembe ya mbali asikofika kwa miaka, imenenepa, inafyonza maji kama walevi matangani.

“Ya nani hii?”

“Hujui, dada?” wanawake waliokuja kupanda naye wakasema, nyuso za kanisani. “Ni ya yule wako wa suti.”

Akapiga simu hapo hapo.

“Gibson, ulipanda miti kwenye kinamasi chetu?”

“Mpenzi, hiyo ndiyo harusi yetu inakua.”

“Utanioa tukinywa nini, jasho?” Akakata.

Akalia, lakini kidogo. Mwanamume wa aina ile hastahili leso nzima ya machozi.

Baada ya majuma kadhaa Gibson akaja na pete. “Nimekata yote, mpenzi. Kwa ajili yako.”

Moyo wa Nyakerario ukalainika kama ndizi mbivu. Hata hivyo akashuka kinamasini kuona. Miti imekatwa kweli, nguzo zimekwenda sokoni, na visiki vyote vimebaki, vinachipua.

“Gibson, mkaratusi ukiukata unazaa mapacha. Hukujua?”

“Nilijua. Sikujua kama wewe utakuja kuangalia.”

Nyakerario akamtupia jembe. “Ng’oa. Pete itangoja.”

Gibson akavua koti, akachimba. Kufika adhuhuri ametoa kisiki kimoja, viganja vimejaa malengelenge.

“Mpenzi, hivi vingine si tulipe kijana atusaidie?”

“Na ukishanioa, usiku utalipa kijana pia?”

Wanawake waliokuja kutazama wakaanguka kwenye nyasi kwa kicheko. Gibson akainamia kisiki cha pili, akihema kama fahali mzee. Nyakerario akamtazama mgongo ule laini, mgongo wa kulalia tu, akaona aibu: bado alikuwa anampenda, mjinga yule.