Pakiti za Akello

Kila asubuhi Apio alifagia ua, lakini macho yake yalikuwa kwa Akello. Wanawake hao waliolewa na ndugu wawili, wakakaa ua mmoja huko Rubongi, karibu na Tororo. Kila mmoja alikuwa na mtoto anayetambaa. Jonan wa Akello alinona hadi shingo ikajificha. Odoi wa Apio aliharisha mara kwa mara, mikono ikawa kama vijiti.

Watoto wote wawili walikuwa katika utafiti wa lishe. Muuguzi, sista Carol, aliwaletea pakiti za unga wa kuchanganya na uji. Za Jonan zilikuwa na alama ya kijani, za Odoi njano.

"Huyu mtoto amekuwa mzito, mgongo unaniua," Akello alisema, akijinyoosha taratibu ili aonekane.

"Pole, mama Jonan," Apio alijibu. Pole yenyewe ilikuwa na pilipili. Moyoni alisema: kijani ndiyo dawa. Mimi wamenipa vumbi.

Akello alipokwenda kuteka maji, Apio aliingia jikoni mwa mwenzake, akachukua za kijani, akaacha zake za njano.

Sista Carol alipokuja, aliona kijani kwa Apio.

"Mama Odoi, hizi zimefikaje hapa?"

"Labda kuku wamebeba."

"Kuku wako wanajua kusoma rangi?"

Apio alitaka kucheka, akashindwa. Akasema kweli yote. "Sista, nimemdhuru mtoto wa watu?"

"Unga wote ni salama. Lakini mmoja una virutubisho tunavyovijaribu, mwingine hauna. Upi ni upi, hata mimi sijui. Kama vinasaidia, pia bado hatujui. Ukibadilisha, utafiti utatoa jibu la uongo, na watoto wengi watalishwa uongo huo. Mimi nitawaambia madaktari. Wewe mwambie Akello."

"Basi mbona Jonan ananona?"

Sista alionyesha kwa kidole. Jonan alikuwa juu ya mkeka, Akello akifukuza kuku. Odoi alikuwa chini, katikati ya kuku, akitafuna kitu. Hakikuwa muhogo.

Apio alimkimbilia, akamtoa mavi ya kuku mdomoni.

"Ndani ya utumbo kuna ukuta," sista alisema. "Unapitisha chakula, unazuia uchafu. Mtoto akila uchafu kila siku, ukuta unapata nyufa. Chakula hakimjengi tena. Fungia kuku. Nawa kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa. Akiharisha, mlete kliniki mapema."

Jioni Apio alirudisha pakiti, kichwa chini, akamweleza Akello yote, hata maneno ya sista.

Akello alizipokea. "Ungeomba mkeka ningekupa. Unaiba unga ambao wenyewe hawaujui?"

Apio hakuomba mkeka. Alisuka wake, mpana kuliko wa Akello, akauzungushia ukingo mwekundu. Kuku wakajengewa banda. Kuharisha kukapungua, kisha kukaisha. Mashavu ya Odoi yakajaa.

Siku moja Akello alimwinua Odoi. "Ee, mama Odoi, naye amekuwa mzito." Kisha jicho lake likashuka hadi kwenye ule ukingo mwekundu wa mkeka, likakaa hapo.

Apio akampokea mtoto wake. Akajinyoosha mgongo, taratibu, ili aonekane.